Gauni Lililoziba Kalavati

Mimi nilipokuwa mtoto, watu wa kwetu walikuwa wananiangalia miguu kabla ya kuniangalia uso. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kwa Wanyamwezi mtoto wa namna hiyo hatafutiwi jina, jina linamsubiri: Kasinde. Mtu akisikia unaitwa hivyo dukani anajua ulivyoingia duniani. Na kama ni mtu wa kijiji chetu, anajua pia kwamba mama yako hakuinuka tena kitandani baada ya hapo. "Alimkanyaga mama yake akitoka," walisema, tena mbele yangu nikiwa na ndoo kichwani, kwa sauti ileile ya kusema fulani ana kengeza.

Sikuwa mtoto wa kulialia. Hata sasa si mtu mzima wa kulialia. Nina saluni yangu Bukene, karibu na stesheni, na mteja akianza kunisimulia habari za mikosi na nyota kufifia namwambia ainamishe shingo nimalize mstari. Ila masika yakiingia, nikiona mtaro umejaa chupa na ndala zilizokatika, nageuka napita njia nyingine. Wenzangu wanadhani ni uchafu unaonikera. Uchafu nimeuzoea.

Kijiji chetu kiko upande wa Igalula, na reli inakipita ubavuni. Chini ya tuta la reli unapita mto tuliouita Mto Mdogo, ingawa kiangazi ulikuwa ni vidimbwi tu na nyayo za ng'ombe. Masika ndiyo ulikuwa mto kweli. Ulishuka kutoka mashambani ukaingia kwenye kalavati la zege lililojengwa chini ya reli, ukatokea upande wa pili, ukaenda zake. Bibi yangu, aliyemzaa mama yangu, alinisimulia kwamba zamani wapagazi waliotoka pwani na marobota ya nguo walikuwa wakifika hapo wanasimama. Waliosha miguu, wakafungua matambara ya vidonda vyao, wakayatupa majini pamoja na kila balaa la njiani, ndipo wakaendelea na safari ya Unyanyembe, Tabora ya sasa, wakiwa wepesi. Reli ilipokuja ikafuata njia yao. Watu wa kwetu nao wakafuata desturi yao.

Desturi yenyewe ni hii. Mganga akishamwosha mgonjwa nuksi, vitu vya kuoshewa vinafungwa kwenye kitambaa cheusi, na wakati mwingine kinawekwa humo kitu cha huyo mwenye nuksi, nguo au shanga zake. Unakwenda kukitupa kwenye maji yanayotembea, unarudi bila kugeuka nyuma. Maji lazima yatembee. Yakisimama, nuksi nayo imesimama, inakungoja. Na anayeokota kilichotupwa amejitwika.

"Usiokote kitu cha mtoni, Kasinde," bibi aliniambia mwaka ule. Alikuwa ameniambia hivyo tangu nimejua kutembea, lakini mwaka ule aliniambia asubuhi, akaniambia mchana, akaniambia nikiwa nakula. "Hata ukiona kitu kizuri. Hata ukiona kitu unachokijua. Ukiokota, kitakufukuza nyumbani."

Nilidhani ni uzee unamfanya arudierudie.

Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, na sioni haya kulisema. Ndiye aliyenilea tangu siku ya kwanza, kwa maziwa ya ng'ombe na uji wa ulezi, wakati wengine wakimshauri anipeleke kwa masista. Nililala mgongoni mwake mpaka nikawa mkubwa wa kuchekwa. Alikuwa ananiwekea matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye pindo la kanga, ananipa kwa siri watoto wa jirani wasione. Tuliishi kwa mjomba wangu, mwanawe, na mke wa mjomba aliyeitwa Nyamizi. Mimi nilimwita anti. Anti Nyamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huzuni, basi. Mimba zake zilikuwa zinaharibika, moja baada ya nyingine, na kila ilipoharibika nyumba nzima ilinyamaza na macho ya watu wakija kutoa pole yalitua kwenye miguu yangu.

Nilikuwa na gauni moja la maana. Bibi alilishonesha kwa fundi kutokana na kitenge cha mama yangu, cha njano chenye ndege wa kijani, na ndicho kitu pekee cha mama nilichowahi kukishika. Nililivaa kanisani na sikukuu tu. Siku moja nikalikosa sandukuni. Nilitafuta mpaka bandani kwa mbuzi. Bibi aliporudi nikamwambia, naye akanichapa. Alinichapa kwa mwiko mpaka mwiko ukapasuka, akisema mimi ni mzembe, nimeachia kitu cha marehemu kipotee. Kisha akanikanda kwa samli huku machozi yanamtoka, na mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza. Nilimwambia nitalitafuta mpaka nilipate.

Baada ya hapo Anti Nyamizi akawa mjamzito tena, na safari hii mimba ilikaa. Tumbo likaonekana. Mjomba akaanza kupiga mluzi akienda shambani. Bibi akawa anamtengea mkwewe maji ya kuoga, na usiku namsikia anasali rozari polepole, anaanza upya kila akikosea.

Masika yale ndiyo mto ulipogoma. Kalavati liliziba. Maji yakarudi nyuma, yakaingia bustani za mchicha, yakaingia vyooni, na yaliyotoka vyooni sitaki kuyaeleza. Watoto wakaanza kuharisha. Mwenyekiti wa kijiji akagonga kile kipande cha reli kilichotundikwa ofisini kwake, nasi wote tukashuka mtoni na majembe, reki na mapanga.

Asubuhi ilikuwa kama sherehe. Watu walivuta chupa za plastiki, viroba, matairi ya baiskeli, godoro, redio iliyokufa, mifuko ya rambo isiyo na idadi, maana enzi hizo ilikuwa haijapigwa marufuku. Pampasi zilitoka zimevimba, na wanawake wakawa wanataniana kuhusu mtoto wa nani anakula sana. Takataka zote zilirushwa ng'ambo, kwenye shamba la tumbaku lililoachwa, zichomwe huko. Hakuna aliyetaka zibaki upande wa kijiji.

Tulipofika mdomoni mwa kalavati utani ukaisha. Plastiki zilipotoka, nyuma yake vikaonekana vile vitu. Vyungu vidogo vimefunikwa. Vifurushi vya kaniki nyeusi. Manyoya ya kuku yaliyofungwa kwa kamba za magome, shanga, kibuyu. Takataka za dukani zilikuwa zimetengeneza ukuta, na kila nuksi iliyotupwa pale kwa miaka, badala ya kwenda zake, ilikuwa imekwama kwenye ukuta huo, inatutazama. Wanaume waliacha majembe. Nilimwona mtu mmoja mzima na ndevu zake anajifuta mikono kwenye suruali.

"Hapo hapashikwi," alisema mjomba.

"Na visipotoka?" mwenyekiti akauliza. "Tunywe kinyesi?"

Mwinjilisti wa Moravian aliombwa aombe. Akaomba, tena vizuri, akakemea kila kitu kwa jina lake, mikono ameifunga nyuma. Alipomaliza, mwenyekiti akamwambia, "Basi, shuka ukavitoe." Mwinjilisti akasema kazi yake ni ya kiroho.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa nyuma, simtaji, bado yuko hai na ana wajukuu wazuri, akasema: "Si yupo Kasinde?"

Watu wakageuka. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyekuja duniani kwa miguu nuksi haiwezi kumpata, kwa kuwa ikimfuata usoni inakuta nyayo. Sijawahi kuisikia hoja hiyo kabla wala baada ya siku ile. Nadhani aliitunga palepale. Lakini ilikuwa hoja nzuri kwa kila aliyesimama pale, na mtu akiogopa hapekui hoja.

"Huyu haingii," bibi alisema. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, akasimama. "Tafuteni mwingine. Huyu haingii humo."

Moyo wangu ulifurahi. Nilisema moyoni, mnaona ninavyopendwa. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, mtoto huyu ndiye dawa yetu leo, watoto wa wenzako wanaharisha." Bibi akarudia kwamba siingii, sauti imeanza kukwaruza. Akamgeukia mjomba, na mjomba akaangalia tumbo la mkewe, akaangalia maji machafu, akasema, "Mama, ni mara moja tu."

Mimi mwenyewe nilitaka kuingia. Ndilo jambo ambalo watu hawaelewi nikiwasimulia. Kwa mara ya kwanza jina langu lilikuwa na faida. Nikakunja sketi, nikaingia, maji yakanifika kifuani, yananuka mpaka macho yanawasha. Nikashika chungu cha kwanza, nikakipeleka ng'ambo. Hakuna kilichotokea. Nikachukua kibuyu. Watu wakaanza kunitia moyo. "Haya, Kasinde!" Waliokuwa wakiziba midomo nikipita sasa walikuwa wananipigia makofi kila ninapotoa kitu. Nilicheka. Niliwapungia mkono. Bibi alikuwa amerudi kukaa kwenye jiwe lake na kanga ameivuta mpaka machoni.

Kifurushi cha mwisho kilikuwa kimeshindiliwa ndani kabisa, kikubwa kuliko vingine. Nilikikumbatia, nikasukuma mguu kwenye zege, nikavuta. Kilipotoka, mto wote ukaamka. Maji yaliyokuwa yamesimama yakajitupa ndani ya kalavati kwa ngurumo, yakaninyanyua miguu, nikashika mizizi, nikajiburuta mpaka nikapanda ukingo. Ulikuwa ukingo wa ng'ambo. Upande wa pili watu walikuwa wanaruka, vigelegele vinapigwa, mto unatembea.

Kaniki ilikuwa imechanika. Ndani yake nikaona rangi ya njano. Nikafungua. Ndege wa kijani walikuwepo, wameingia weusi, lakini walikuwepo.

"Bibi!" nilipiga kelele nikiliinua gauni kwa mikono miwili ili aone vizuri. "Bibi, gauni langu hili hapa! Nimelipata!"

Vigelegele vikakatika. Kila mtu pale alijua maana ya nguo ya mtoto ndani ya kaniki. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, mimi nilijua tu kwamba sikuwa mzembe, na kwamba bibi sasa angejua hivyo. Macho ya watu yakaenda kwa Anti Nyamizi. Naye akashika tumbo, akasema, "Mungu wangu, si mimi. Naapa si mimi."

"Muacheni," bibi alisema. "Ni mimi."

Hakusema kwa kunong'ona. Alisema kama mtu anayeitika jina lake.

"Lilitupwa wewe ukiwa shuleni," akaniambia mimi sasa, kwa sauti ya kuvuka maji. "Mganga alisema nyumba hii haitazaa mpaka itoe nuksi yake. Akataka nguo uipendayo."

"Sasa kwa nini ulinichapa?"

"Ili usijue," alisema.

Katika umati ule wote hakuna aliyemwambia bibi amekosea. Nimewangoja miaka yote hii, hata mmoja tu. Walichokiona ni kwamba nuksi ilikuwa imeshatoka na mimi nimeirudisha. Niliposogea nivuke nirudi, mwenyekiti aliyekuwa akinipigia makofi akanyoosha reki kuelekea kwangu. Hakunigusa, alinionyesha tu. "Kaa hukohuko kwanza," alisema.

"Nilitupe?" niliuliza. "Nalitupa sasa hivi."

"Umeshalifungua," bibi alisema. "Nuksi imeshakurudia mwilini. Ukivuka maji haya, mtoto wa Nyamizi hatakaa."

Nilivishika vya kijiji kizima na havikunifanya kitu. Kilichonifukuza nyumbani kilikuwa changu mwenyewe, kama alivyoniambia.

Walishauriana jua likiwa bado juu. Niliwasikia vizuri maana mto si mpana, mtu anaweza kurusha kiatu. Ikakubaliwa niende Bukene kwa mama mdogo, dada yake marehemu mama yangu. Wakati wanashauriana nilikuwa natetemeka kwa baridi, na hapakuwa na nguo kavu karibu, nikajifunika lile gauni lenye tope. Mjomba alinirushia chakula ndani ya mfuko wa rambo. Matobolwa ya bibi. Niliyatoa nikala, mfuko ukapeperuka, ukaingia majini, ukaelekea kalavatini.

Watu wakaondoka kwenda kuoga. Bibi alibaki. Tulikaa tunatazamana, yeye kwenye jiwe lake na mimi kwenye mizizi, kisha akasimama akakung'uta kanga.

"Nenda salama, Kasinde," alisema.

Akageuka akapanda njia ya nyumbani. Nilimwita. Nilimwita bibi, nikamwita mama, nikamwita kwa jina lake la ujana alilonifundisha kwa utani. Nilimwangalia mpaka alipofika kwenye migomba ya mwenyekiti. Nilikuwa najua desturi, alinifundisha yeye mwenyewe, kwa hiyo nilielewa kwa nini hageuki nyuma. Alikuwa anafanya anavyopaswa mtu kufanya akishatupa.

Mjomba alinisindikiza mpaka stesheni, yeye upande wake wa mto na mimi upande wangu, mpaka kivukoni, ambako yeye ndiye aliyevuka. Alimkabidhi mama mmoja abiria tiketi yangu na maelekezo. Mkono wangu hakuushika.

Mama mdogo hakuuliza mengi. Alichukua gauni, akalifua kwa sabuni ya mche, akalianika, akalifua tena, akanivalisha. Nililivaa mpaka likanibana makwapani.

Na mtoto wa Nyamizi akazaliwa. Wa kiume, mzima, analia kwa nguvu. Waliniletea habari kwa furaha, wakitegemea na mimi nifurahi, na nilifurahi kwa ajili ya anti. Wakamwita Masanja. Baada yake wakaja wengine. Huwezi kubishana na watu waliopata walichokiomba. Hata leo ukifika kwetu utaambiwa kwamba dawa ile ilikuwa ya kweli, na ushahidi watakuonyesha: Masanja anapita na pikipiki yake.

Nilirudi nikiwa mtu mzima, nilipoambiwa bibi anakaribia kufa. Nilishuka stesheni nikaenda kwa miguu. Pale kwenye kalavati nilisimama. Kulikuwa kumeziba tena, vibaya kuliko zamani, chupa juu ya chupa, pampasi juu ya pampasi, nyasi zimeota juu yake. Chini yake maji yamesimama meusi. Nilipita juu ya takataka kama mtu anayepita barazani, viatu havikulowa.

Bibi alikuwa amelala ubavu, mdogo, macho yana ukungu. Nilimwamkia. "Shikamoo, bibi. Ni Kasinde."

Hakuitikia marahaba. Aliniuliza, "Umevukia wapi?"

Nilikuwa nimetoka Bukene na maneno mengi.

"Sijavuka, bibi. Mto umeziba. Maji hayatembei, nimepita juu ya takataka."

Akafikiri. Niliona anavyofikiri, anapiga hesabu ya desturi yake, maji yakisimama hayatenganishi. "Umeziba tangu lini?"

"Wanasema ni miaka mingi."

"Kumbe," alisema. Akanitafuta mkono, akaushika, kiganja chake kikavu. "Basi ungeweza kuja siku zote hizo. Mbona hukuja?"

Nilikuwa na jibu. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikachukua kitana, nikakiweka kichwa chake mapajani, nikamsuka mistari midogo ya kulala kichwani, kwa kuwa ndicho ninachokijua, na kwa kuwa nilikuwa bado nampenda na nilikuwa nimechukia kumpenda. Alikufa akiwa amesukwa vizuri. Sijamsamehe. Nadhani mtu anaweza kumsuka asiyemsamehe, maana mimi niliweza.

Masika haya Masanja amenipigia simu. Siku hizi yeye ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Ananiheshimu, shikamoo dada, habari za Bukene, kisha akaingia kwenye jambo lake. Mto umerudi nyuma tena, watoto wanaharisha, wanapanga siku ya usafi. Plastiki watatoa wenyewe. Lakini mdomoni mwa kalavati, nadhani dada unaelewa, watu wanasita. Akacheka kwa aibu kidogo. Akasema wazee wamekumbuka kwamba nipo.

Nilimwacha amalize. Nilikuwa na mteja, nusu ya kichwa chake bado wazi.

"Masanja," nilimwambia, "waambie kila aliyetupa aje aokote chake."

Nikasikia pikipiki yake inanguruma pale alipo, kisha akasema, "Sasa dada, si hakuna atakayekuja?"

Nikamwambia najua, nikakata simu, nikamwambia mteja ainamishe shingo.